Umesoma ama umeskia?

Assalam aleykum, na wale wa dini zengine habari zenu. Juzi tulikuwa Nyali tunapitisha waya kwa nyumba mpya, mimi na kijana nnayemfunza kazi ya stima, na katikati ya kazi akaniambia, kaka mimi naswali lakini ndani sijui kama naamini ama naogopa tu, na tafadhali usimwambie mtu. Nikamjibu maneno mawili matatu pale juu ya ngazi, lakini halikuwa jibu. Usiku sikulala vizuri. Naandika hapa kwa sababu najua si yeye peke yake, na kwa sababu mimi ningepata mtu wa kunieleza mambo haya nikiwa na miaka yake nisingezunguka vile nilivyozunguka.

Nimezaliwa Majengo, ploti moja na familia ya Kitaita, Wakristo, mlango kwa mlango. Mamake rafiki yangu ndo alikuwa akinipa uji nikitoka skuli, manake mamangu alikuwa akirudi kazini jioni, na mwezi wa Ramadhani yule mama alikuwa akipika mchana anafunga mlango na dirisha, kwa joto lile la Mombasa, ili sisi watoto tunaojifunza kufunga tusiskie harufu ya chakula. Nilipokuwa na miaka 11 akafa. Presha, siku moja tu, asubuhi mzima jioni hayuko, wakampeleka kwao Taita wakamzika.

Wiki ile ile chuoni, yaani madrasa, maalim alikuwa akitusomesha mambo ya akhera, nikainua mkono nikauliza, je mama yule ataenda wapi? Sikuuliza kwa ukaidi wallahi, nilitaka kujua kama ntamuona tena. Nilipigwa bakora mbele ya wenzangu, nikaambiwa huo ni wasiwasi wa shetani nipige istighfari, na darasa zima likaambiwa anayeanza na maswali kama haya mwisho wake ni kutoka kwa dini. Maalim wangu hakuwa mtu mbaya, alinifunza kusoma Kurani na mpaka leo nikisoma ni sauti yake naiskia, lakini siku ile alinitia kitu ambacho kilinichukua miaka kukitoa, nacho ni kuamini kwamba kuuliza na kukufuru ni jambo moja.

Basi nikanyamaza. Nikaswali, nikafunga, nikahitimu, na ndani hamna kitu isipokuwa woga. Nikifika kwa sijda nafikiria moto.

Nilipofika miaka 22 nikapata simu nzuri na bando, na hapo ndo nikapata sheikh wa klipu. Sina haja ya kumtaja. Alikuwa akiongea kwa hoja, anakupa aya, anakupa namba ya hadithi, anakwambia usifuate watu fuata dalili, na mimi niliyekatazwa kuuliza miaka yote hio nikaona huyu ndo mtu wangu. Nikaskiza usiku kucha. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nishajua nani mzushi na nani yuko sawa, mtaa mzima, na wa kwanza kumwendea alikuwa nyanya yangu, mamake mamangu, ambaye kila mfungo sita, mwezi aliozaliwa Mtume, akisomesha maulidi nyumbani kwake, anachoma ubani, anaalika majirani, anapika pilau. Nikamwambia nyanya hii ni bidaa, uzushi kwa dini, na kila bidaa ni upotevu, mwishowe unajua ni wapi.

Hakukasirika. Alikuwa akichambua mchele kwa uteo, akaendelea kuchambua, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, hilo uloniambia umelisoma ama umeliskia?"

Nikasema kuna sheikh amesema. Akasema, "Basi umeliskia. Mimi pia yangu nimeyaskia kwa mamangu. Tuko sawa."

Ningemskiza siku ile ningeokoa miaka miwili, lakini nilitoka pale nimejaa hasira. Halafu ikatokea nikafanya kibarua Changamwe, kuna jamaa pale mwenye kusoma sana, haamini chochote, na hana kelele, mtu mpole. Akanipa video zake. Ndugu zangu, ilikuwa kama mara ya kwanza kabisa! Usiku kucha tena, simu mkononi, najiona nimeamka, najiona wengine wote wamelala. Nikawacha kuswali kama miezi minane. Kilichonishtua ni siku moja ndugu yangu mdogo aliniuliza swali moja kuhusu kuumbwa kwa dunia, na kabla ya kumjibu nikajikuta natafuta kwa kichwa, yule wa kwa video alisemaje hapa? Ndo yale yale nilokuwa nikifanya kwa yule sheikh, na kwa maalim kabla yake. Nilikuwa nimepitia walimu watatu na sijawahi kufikiri hata mara moja.

Hili ndo nataka ulishike hata kama utawacha mengine yote. Watu wengi wanaosema siku hizi najifikiria mwenyewe wamehama tu. Ametoka kwa huyu ameingia kwa yule, na kwa sababu ni yeye aliyechagua kuhama anadhani mawazo ni yake. Hapana. Ukitaka kujua, chukua jambo moja unaloliamini sana, ulieleze kwa maneno yako bila kumtaja mtu, kisha ulete hoja ya wale wanaolipinga, uieleze vizuri mpaka wao wenyewe wakikuskia waseme ndio, hio ndo hoja yetu. Ukishindwa hio ya pili, bado umeskia tu.

Mimi nilianzia kwa mambo ya kuonekana kwa mwezi wa Ramadhani na Idi. Mnajua hapa kwetu kila mwaka ni maneno, huyu amefungua leo huyu kesho, nyumba moja baba anakula biriani mtoto amefunga, na tangu utotoni niliambiwa wale wengine ni wajinga ama wana kiburi. Nikasema wacha nilitafute hili moja tu, lisiwe kubwa sana. Nikakuta kuna kisa cha Kuraib, mtu wa zama za masahaba, alitumwa Sham, yaani Syria, na Ummul Fadhl, mamake Ibn Abbas, akaona mwezi wa Ramadhani kule usiku wa Ijumaa, aliporudi Madina Ibn Abbas, binamu yake Mtume, akamuuliza mliuona lini, akamwambia, akajibiwa sisi tuliuona usiku wa Jumamosi, tutaendelea kufunga mpaka tutimize 30 ama tuuone. Kuraib akamuuliza kwani kuona kwa Muawiya, mtawala wa kule Sham, hakukutoshi? Akamwambia hapana, hivi ndivyo alivyotuamrisha Mtume. Iko kwa Sahihi Muslim, kitabu cha hadithi. Sasa wanavyuoni wa Kishafi, wanaofuata madhehebu ya Imam Shafi, na sisi watu wa pwani wengi wetu ni Mashafi, wakachukua hapo kwamba kila nchi na muandamo wake, yaani wafuate mwezi ulioonekana kwao. Na wengine wengi wakasema la, Mtume alisema fungeni kwa kuuona, amewaambia Waislamu wote, ukionekana pahali umeonekana.

Nilipomaliza nilikaa kimya. Zaidi ya miaka elfu moja watu wa maana wanatofautiana, kila mmoja na dalili yake, na mimi mtaani naambiwa jirani yangu ni mjinga. Haikunitoa kwa dini. Ilinirudisha, manake mara ya kwanza niliona dini yangu ina nafasi ya mtu kuuliza, na walioijenga walikuwa wakiulizana wao kwa wao.

Nikaendelea. Imam Shafi mwenyewe, ambaye sisi tunamtaja kama ukuta, alikuwa mwanafunzi wa Imam Malik na akaja akahitilafiana na mwalimu wake, halafu alipotoka Baghdad akahamia Misri akabadilisha kauli zake mwenyewe, ndo maana vitabu vya fiqhi, sheria za dini, vinasema kauli ya kale na kauli mpya. Na hapa hapa Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti lake Al-Islah mwaka 1932, akiandika kwa Kiswahili na Kiarabu kuwahimiza watu wasome na waziangalie upya desturi zao, na baadaye akawa Kadhi Mkuu. Kwa hivo mtu akikwambia kufikiri ni ugeni umeletwa na simu, mwambie hapana, kulikuwa na watu wetu wakifanya kazi hio kabla simu hazijakuja.

Na juu ya yote kuna Nabii Ibrahim. Sura ya Bakara aya ya 260, anamwambia Mola wake nioneshe vipi unavyofufua wafu. Anaulizwa, kwani hukuamini? Anajibu naamini, lakini ili moyo wangu utulie. Na hakupigwa bakora, alioneshwa! Aya hii niliihifadhi nikiwa mtoto, maana yake nimeijua nikiwa na miaka 25, kwa tafsiri ya Sheikh Abdalla Saleh Farsy ambayo babu alinunua zamani na nyanya akaiweka juu ya kabati imefungwa kwa leso. Nyanya ndo aliyenipa. Alisema tu, "Haya, sasa soma."

Sasa nikwambie wewe kijana wangu mambo ya kutumia.

Nunua daftari la shilingi hamsini. Andika yale unayoyaamini, jambo moja mstari mmoja, na pembeni uandike umelipata wapi: nimesoma, nimeskia, ama naogopa. Mimi safu ya naogopa ilikuwa ndefu kushinda zote na nililia nikiiona. Si kwamba ya kuogopa yote ni uongo, mengine nimeyachunguza nikayakuta kweli, lakini mpaka utenganishe hujui umesimama juu ya nini. Sisi mafundi hatuambiwi waya hauna moto tukaamini, hata akisema mwenye nyumba, unatia testa. Na kutia testa si kumtukana mwenye nyumba.

Tafuta mtu wa kumuuliza, lakini mpime kwanza. Muulize jambo gumu uone kama anaweza kusema sijui. Mimi nilipata mzee mmoja Kibokoni, muuza uturi, kasoma sana, na swali langu la kwanza alilijibu Allahu aalam, Mungu ndiye ajuaye, rudi Alhamisi nikutazamie. Alhamisi nikarudi akanipa kauli tatu, akasema yeye anaegemea ya pili, na akanieleza kwa nini. Anayejua kila kitu hapo hapo, na ukimuuliza mara ya pili anapandisha sauti, mkimbie, awe sheikh awe pasta awe yule asiyeamini.

Nasema mkimbie kwa sababu tumeona. Mwaka 2023 kwa msitu wa Shakahola, Kilifi hapo, imefukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa na mhubiri wao wafunge mpaka wafe ili wakamuone Yesu, na ndani yao watoto. Watu wakasema ni wajinga. Si wajinga, kuna walioacha kazi na nyumba zao, walikuwa ni watu waliofunzwa kwamba kumuuliza mtumishi wa Mungu ni kumuuliza Mungu. Na sisi Waislamu tusijitoe hapo, kuna vijana wetu wa mitaa hii waliambiwa njia ya peponi inapitia Somalia wakaenda vitani, na mama zao mpaka leo wanaangalia mlango. Nikikumbuka nilivyokuwa na miaka 22, nimejaa moto, sina swali hata moja, naogopa.

Lingine, usiharakishe kutangaza. Ukiwa bado unatafuta usiende ukasimama sebuleni ukamwambia mamako mimi siamini tena hiki na kile, kesho utakuwa umebadilisha na maneno yashatoka. Na usiache watu wako. Mimi nilirudi kwa maulidi ya nyanya, nikakaa nyuma, kuna mambo nakubaliana nayo na mengine sikubaliani mpaka leo, lakini nilimbebea sinia. Kufikiri mwenyewe hakutaki ule peke yako. Na swala kama unaswali endelea, mimi nilipowacha sikupata nafasi zaidi ya kufikiri, nilipata kelele zaidi.

Na usitegemee yote yataisha. Kadari, yale Mungu aliyoyapanga tangu mwanzo, bado inanisumbua. Kuhusu yule mama nimesoma, nimekuta aya za kila upande, nimekuta Imam Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa zamani, anasema ambaye ujumbe haukumfikia vizuri ana udhuru, nimekuta wakali na wapole. Nilipofika ni hapa: nayajua mema yake kwa macho yangu, hukumu si yangu, na aliyemuumba ana huruma kunishinda. Hii ndo imani yangu, nimeipata kwa kuitafuta, na nikiswali sasa moto sio kitu cha kwanza kunijia.

Mwaka jana mwanawe yule mama, yule rafiki yangu, alikuja kutoka Voi, tukakaa Mama Ngina, pale ufukweni, tunakula mihogo ya kuchoma, na baada ya miaka yote hio nikamwambia nilichouliza chuoni wiki alipokufa mamake na nilivyopigwa. Akanyamaza kwa muda, anaangalia meli inaingia. Kisha akaniambia na yeye mwaka ule, kanisani darasa la watoto la Jumapili, aliinua mkono akauliza kama mamangu mimi, yule Muislamu wa mlango wa pili, ataenda mbinguni.

Nikamuuliza walimjibu nini.

Akasema, "Nilitolewa nje, nikasimama juani mpaka ibada iishe."