Gari likigoma kuwaka likiwa la moto, usisubiri lipoe ndipo ulipime

Kwa miezi kadhaa gari langu lilinitesa kwa namna moja ile ile. Asubuhi linawaka mara moja. Nikiliendesha saa nzima, halina neno. Nikilizima kwa dakika 15 hivi kisha nikarudi, stata inazungusha injini kwa nguvu zote lakini gari haliwaki. Nikikaa nusu saa, linawaka kana kwamba halijawahi kuugua. Nikabadilisha plagi, nikabadilisha na pampu ya mafuta. Ugonjwa ukabaki palepale.

Baadaye ndipo nilipoelewa tulipokuwa tunakosea: kila fundi alilipima likiwa limeshapoa. Kifaa kinachozimika kwa joto hurudi kazini kikipoa, na ukikipima wakati huo kitakuonyesha ni kizima. Kwa hiyo weka ndani ya gari mita ya volti, plagi moja nzima ya akiba na kitambaa, upime dakika zile zile za kugoma.

Huenda unajiuliza kwa nini ligome baada ya kusimama, wakati barabarani lilikuwa sawa. Ukizima injini, maji ya kupoza huacha kuzunguka na upepo wa safari haupo tena. Joto la chuma hupanda juu na kujaa chini ya boneti, hivyo kwa muda vifaa vingine hupata joto kali kuliko vilivyopata gari likitembea.

Swali la kwanza ni moja tu: je, stata inazungusha injini?

Kama haizungushi, au inazungusha kwa kuburuta, achana na habari za mafuta. Pima betri. Ikiwa imetulia na imejaa, isome karibu volti 12.6. Mtu apige stata huku ukiangalia mita: ikishuka chini ya 9.6, anza na betri. Ikibaki juu na stata bado ni nzito, weka waya mmoja wa mita kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini, stata ipigwe tena. Ukiona zaidi ya nusu volti, waya wa ethi (unaounganisha hasi ya betri na chuma cha gari) au terminali zake zina kutu au zimelegea. Ukinzani wa shaba hupanda kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo waya unaojikokota ukiwa baridi unaweza kushindwa kabisa ukiwa wa moto. Stata iliyo jirani na bomba la eksozi nayo huchoka kwa njia hiyo hiyo.

Kama injini inazunguka vizuri, kinachokosekana mara nyingi ni moto wa plagi au mafuta. Hapa ndipo penye kazi. Tazama kwanza mshale wa mizunguko kwenye dashibodi. Katika magari mengi hutikisika kidogo stata ikipigwa; ukilala kwenye sifuri bila kusogea, shuku sensa ya krenki, ile inayoiambia kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka. Ndani ya sensa nyingi za aina hiyo mna waya mwembamba uliozungushwa, na ukiwa na ufa, joto huupanua na kuukata, baridi huuunganisha tena. Kisha chomeka plagi ya akiba kwenye koili (kifaa kinachoipa plagi umeme), igusishe chuma cha injini mbali na mvuke wa petroli, na usiishike kwa mkono. Stata ikipigwa, hakuna cheche? Sensa au koili.

Cheche ikiwepo, washa swichi bila kupiga stata, usikilize pampu: kwa kawaida hunguruma sekunde mbili hivi kutoka kwenye tanki. Ikiwa kimya, angalia relei yake (swichi ndogo ya umeme inayoiwasha) kabla ya kununua pampu. Ukinusa petroli nyingi, huenda injekta (vifaa vinavyonyunyizia injini mafuta) zinavuja na injini imejaa mafuta. Kanyaga akseleta hadi mwisho huku ukipiga stata, kwa kuwa magari mengi ya injekta hukata mafuta ukifanya hivyo. Sensa ya joto la maji ikidanganya kwamba injini ni baridi, huleta hali kama hiyo. Kwa gari la kabureta, lisilo na injekta, petroli yenyewe huweza kuchemka ndani ya bakuli la kabureta hiyo.

Langu lilikuwa na mshale uliolala na plagi isiyo na cheche. Nikiwa nimezima kila kitu, niliifunika sensa ya krenki kwa kitambaa kilicholowa maji kwa dakika chache, nikijihadhari na eksozi. Likawaka papo hapo. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari haikuwa imeonyesha msimbo wowote wa hitilafu, hata ule wa P0335 unaohusu sensa hiyo, kwa hiyo ukikosa msimbo usiitoe sensa kwenye orodha.

Baada ya kuweka sensa mpya nilirudia safari ile ile mara tano, kila mara nikizima kwa dakika 15. Liliwaka zote tano.