Malkia kwenye kichupa: maswali ya wafugaji wapya wa sisimizi

Baada ya mvua nimeokota mdudu mwenye mbawa chini ya taa. Ni malkia wa sisimizi au kumbikumbi? (Morogoro)

Tazama kiuno. Kumbikumbi ni wa mchwa: mwili umenyooka bila kiuno, na mbawa zote nne zinalingana. Sisimizi ana kiuno chembamba, papasi za kichwani zilizopinda, na mbawa za mbele ndefu kuliko za nyuma. Ukimkuta mwenye kifua kinene, ameshazikata mbawa na anatembea peke yake, mchukue huyo.

Nimweke wapi?

Kwenye kichupa chembamba cha kioo cha maabara. Tia maji theluthi moja, sukuma pamba mpaka iyaguse na ibane yasivuje, mwingize malkia, kisha ziba mdomo kwa pamba kavu. Funika kwa kitambaa cheusi, weka kabatini mbali na jua na dawa ya mbu. Boksi kubwa la udongo lisubiri.

Wiki ya tatu sasa hajala, na mayai yamepungua. Atakufa? (Tanga)

Kwa njaa, hapana. Malkia wa aina nyingi, wakiwemo wale wakubwa wa jenasi ya Camponotus, huanzisha koloni bila kula kabisa. Misuli iliyokuwa ikirusha mbawa haina kazi tena. Mwili huiyeyusha pamoja na mafuta, na akiba hiyo ndiyo inayowalisha watoto wa kwanza.

Linalonitia wasiwasi ni hayo mayai. Unamfunua mara ngapi, ndugu yangu? Mwanga na mtikisiko humtia hofu, na malkia mwenye hofu hula mayai yake. Mchungulie mara moja kwa wiki, kwa muda mfupi, kisha ondoka. Kutoka yai hadi buu, pupa na mfanyakazi wa kwanza, kwa joto la pwani, ni kama mwezi mmoja hadi miwili. Subira hiyo ndiyo kazi yenyewe ya ufugaji huu, na hakuna kifaa cha kununua kinachoziba nafasi yake.

Wafanyakazi wametoka, lakini ni wadogo mno. Wanaumwa? Wale nini?

Hawaumwi. Wamelelewa kwa akiba ya mama peke yake. Watakaofuata watakuwa wakubwa zaidi. Wape tone dogo la asali iliyochanganywa na maji, na kipande cha mende au mbu aliyeuliwa kwa maji moto, kamwe si kwa dawa. Utamu ni nguvu ya wafanyakazi, nyama ni ya mabuu. Ondoa mabaki kesho yake, yasiote ukungu.

Naweza kufuga siafu?

Hapana. Ni mamilioni, na huhamahama.

Mtu wa Ulaya anataka nimtumie malkia, analipa vizuri. (Nakuru)

Kataa. Mei 2025 mahakama jijini Nairobi iliwatoza vijana wawili wa Ubelgiji faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa kukutwa na malkia wapatao 5,000. Zaidi ya sheria, kila malkia anayeondoka ni koloni zima linalopotea kwetu, na akitoroka ugenini anaweza kuharibu. Laikipia tumeyaona: sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa waliwaua sisimizi walinzi wa migunga, tembo wakaivunja miti hiyo, na simba wakakosa maficho ya kuwavizia pundamilia. Hata ukichoka kufuga, mrudishe pale pale ulipomwokota.