"Panga mbili" na lile neno "Basi"

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msomaji wa masomo kanisani, hapa Ngamiani, Tanga. Kwenye jumuiya tumebishana juu ya Luka 22:38. Mitume wanasema "hapa pana panga mbili", Yesu anajibu "Basi." Mwenzetu aliyevunjiwa nyumba mara mbili, na sasa anataka kuomba kibali cha bunduki, anasema maana yake ni "zinatosha", kwa hiyo Mkristo ana ruhusa ya kuwa na silaha ndani. Mama mmoja akamjibu kuwa hiyo ni "basi" ya kunyamazishia watoto. Nani yuko sahihi? Na mjukuu wangu anauliza kwa nini haikuandikwa "mapanga mawili".

JIBU: Marahaba. Nianze na mjukuu. Upanga wa vita, wingi wake ni panga: upanga huu, panga hizi mbili. Panga la kufyekea, wingi ni mapanga: panga hili, mapanga haya mawili. Biblia ya 1952 imeshika kanuni hiyo, ingawa mitaani siku hizi yote ni mapanga tu. Lakini usimcheke mtoto akidhani Petro alibeba kitu cha shamba. Neno la Kigiriki lililopo pale, makhaira, ni upanga mfupi na ni kisu kikubwa pia. Yohane Krisostomo, aliyehubiri Antiokia karne ya nne, alidhani huenda vilikuwa visu vya mwanakondoo wa Pasaka.

Sasa "basi". Si lile la stendi ya Kange, hilo ni la Kiingereza. Hili asili yake ni Kiajemi, bas, yaani "tosha". Ukimiminiwa chai ukafunika kikombe kwa kiganja na kusema "basi", umetosheka. Watoto wakipigana uani, mama yao akapaza "basi!", hakuna aliyetosheka na chochote, anataka ugomvi ukome.

Kigiriki kinasema hikanon estin, kwa umoja, wakati panga ziko katika wingi. Hapo ndipo Kiswahili kingembana mfasiri. Akiandika "zinatosha", anasema panga. Akiandika "inatosha" au "yatosha", msomaji atauliza nini kinatosha, pengine ni mazungumzo yenyewe. Upatanisho wa ngeli hauruhusu kujificha. "Basi" haina ngeli, kwa hiyo mfasiri akaliacha fumbo kama alivyolikuta. Nasema alifanya vema.

Fumbo hilo limebeba mengi. Mwaka 1302 Papa Bonifasi wa Nane aliandika kwamba Bwana hakujibu kuwa panga ni nyingi mno bali kuwa zinatosha, akajengea hapo hoja yake kuwa Kanisa lina panga mbili, wa kiroho na wa kidunia. Wamarekani wanaotetea haki ya kumiliki silaha hutaja mstari wa 36, "na auze joho lake akanunue". Wamenno, wasioshika silaha kabisa, huwajibu kwa Mathayo 26:52, "wote waushikao upanga, wataangamia kwa upanga".

Mimi niko na yule mama. Mistari michache mbele, upanga mmoja unatumika, sikio la mtumwa linakatwa, na Yesu analiponya. Kama panga zilitosha kwa kazi, mbona kazi ilikatizwa pigo la kwanza? Mwenzenu akitaka hoja, aitafute kwenye mstari wa 36, au Kutoka 22:2, juu ya mwizi anayeuawa akivunja nyumba usiku. "Basi" haitamsaidia.

Tena mwambie asiseme anataka "kushika silaha", polisi wasije wakamwelewa vibaya. Kushika silaha ni kuingia vitani. Yeye anataka kumiliki bunduki ili ajihami.

Nawe ukifika hapo kwenye somo, "Basi" usiipaze kama tangazo. Ishushe sauti, nyamaza kidogo, halafu ndiyo uwatoe kwenda mlima wa Mizeituni.