Umepiga picha elfu, umebakiza ishirini? Uko sawa

Wanaoanza kupiga picha huniuliza swali hili mara nyingi kuliko maswali ya kamera na lenzi: ukipiga mia, zinazofaa huwa ngapi? Ukimsikiliza vizuri anayeuliza, utagundua ameshajihukumu. Amerudi kutoka kazini na picha mia nane, amezipitia akapata kumi anazozipenda, na hizo mia saba na tisini anaziona kama ushahidi kwamba hajui kazi.

Mpe basi hesabu ya mpiga picha Robert Frank. Kati ya 1955 na 1957 alizunguka Marekani kwa gari akapiga mikanda ya filamu zaidi ya 760, yaani fremu (picha moja moja kwenye mkanda) zipatazo 27,000. Kitabu kilichotokana na safari hizo, kilichotoka Ufaransa mwaka 1958 na Marekani mwaka 1959, kina picha 83. Ni kama picha moja kwa kila fremu 325, na huyo hakuwa mwanagenzi, alikuwa tayari anaishi kwa kamera. Linalonigusa zaidi ni alichofanya baada ya safari. Alisafisha picha kama elfu moja za majaribio, akazibandika ukutani na kuzitandaza sakafuni, akawa anaziangalia, anazihamisha na kuziondoa, hadi zikabaki zile alizozitaka. Ule uzito wa kitabu ulipatikana barabarani, lakini ulipatikana pia pale sakafuni.

Wapo waliofika kwa njia nyingine kabisa. Tarehe 5 Machi 1960 mjini Havana, mpiga picha Alberto Korda alimpiga mwanamapinduzi Che Guevara fremu mbili tu, moja ya kulala na moja ya kusimama, kabla hajaondoka mbele ya jukwaa. Gazeti alilolifanyia kazi halikuichapa picha hiyo wakati ule. Korda mwenyewe ndiye aliyeithamini akaitundika kwake. Mwaka 1941 huko Hernandez, New Mexico, Ansel Adams aliona mwezi ukichomoza juu ya kijiji huku jua likizama, akakosa kukiona kipima mwanga chake, akakadiria mwanga kwa kukumbuka mng'ao wa mwezi. Alipata fremu moja. Alipokuwa anajiandaa kwa ya pili, mwanga ulikuwa umekwisha ondoka kwenye misalaba ya makaburi. Kamera yake ilikuwa kubwa, ya kubeba bamba moja moja la filamu, kwa hiyo hakuwa na anasa ya kubahatisha. Maarifa ndiyo yaliyomwezesha.

Kwa hiyo uwiano hauwezi kuwa mmoja kwa watu wote, na usikubali mtu akupe asilimia ya kujipimia. Mlima haufumbi macho. Bidhaa iliyowekwa mezani inakusubiri upange taa mpaka utosheke, na fremu tano zinaweza kutosha kazi nzima. Ndege anayeruka, mchezaji anayepiga mpira kwa kichwa au mtoto anayekimbia, hapo ukirudi na moja nzuri kati ya mia hujafanya vibaya hata kidogo.

Picha ya kundi ina hesabu yake, tena iliyofanyiwa utafiti. Nic Svenson na Piers Barnes wa Australia walikokotoa ni picha ngapi upige ili upate walau moja ambayo hakuna aliyefumba macho, wakapata tuzo ya Ig Nobel ya hisabati mwaka 2006, tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza kisha ukafikirisha. Kanuni yao ni nyepesi: kwa kundi lisilofika watu ishirini, gawanya idadi ya watu kwa tatu kama mwanga ni mzuri, na kwa mbili kama ni hafifu. Watu kumi na watano kwenye mwanga mzuri, piga tano. Kundi likifika hamsini, uwezekano wa wote kufumbua macho kwa pamoja unakuwa mdogo mno, kwa hiyo piga kadiri watakavyokuvumilia kisha chagua ile ambayo waliofumba ni wachache na hawako mstari wa mbele.

Sasa niseme jambo ninaloliamini kwa dhati. Wingi haudhuru, kinachodhuru ni kurudia. Kamera za sasa zinaweza kupiga fremu ishirini kwa sekunde. Shikilia kitufe sekunde kumi na una picha mia mbili, na kama unapiga faili ghafi (RAW, zisizobanwa na kamera kuwa JPEG) za megabaiti thelathini hivi, umejaza gigabaiti sita kwa tukio moja. Nyingi zitakuwa ndugu wa tumbo moja wasiotofautishika. Kabla ya kubofya mara ya pili jiulize nini kimebadilika: umesogea, umeinama, umesubiri mkono uinuke, umerekebisha mwanga, mtu aliyekuwa nyuma ameondoka? Kama jibu ni hakuna, basi subiri. Mwaka 1936, kambini kwa wavunaji wa njegere huko California, Dorothea Lange alimpiga mama mmoja na watoto wake fremu chache, hazifiki kumi, huku akizidi kumkaribia. Ile ambayo dunia inaijua ni ya karibu sana. Kila fremu ilikuwa hatua.

Kupiga fremu mfululizo kwa kasi kukihitajika, kufanye kwa mafungu mafupi, fremu nne au tano, na uanze kidogo kabla ya kilele cha tendo. Anayesubiri hadi aone bao, bao limeshaingia.

Baada ya hapo inakuja kazi ambayo wengi huiona kama adhabu, nami naiona kama nusu ya upigaji picha wenyewe: kuchuja.

Usifute ukiwa bado uko kazini. Kioo cha kamera ni kidogo na mara nyingi kinang'aa kuliko ukweli, picha uliyoidharau pale inaweza kuwa ndiyo, na unapoinamia kioo huoni kinachotokea mbele yako. Ukifika nyumbani nakili kila kitu kwenye diski mbili tofauti kabla hujagusa chochote. Kadi isifutwe mpaka uhakikishe nakala zote mbili zinafunguka.

Mzunguko wa kwanza uende upesi, sekunde moja au mbili kwa kila picha. Usitafute za kutupa, tafuta zinazokusimamisha. Tofauti ni kubwa kuliko inavyosikika, maana anayetafuta za kutupa huishia na rundo la picha zisizo na kosa, na picha isiyo na kosa si lazima iwe na kitu cha kusema. Weka alama kwenye zinazokushika, basi, songa mbele. Usikuze kukagua fokasi bado.

Kisha lala. Siku inayofuata, au baada ya siku kadhaa kama mteja hana haraka, pitia ulizozitia alama. Hapa ndipo ndugu wanapowekwa pamoja na mmoja kuchaguliwa, na hapa ndipo unapokuza picha hadi asilimia mia kuangalia jicho kama limekaa kwenye fokasi. Muda uliopita unakusaidia kusahau. Ulilala kwenye matope ili upate ile fremu, ulisubiri saa tatu, ulimbembeleza mlinzi, lakini mtazamaji haoni lolote kati ya hayo, anaona picha tu. Mpiga picha Garry Winogrand aliacha mikanda yake ikae mwaka mmoja au zaidi kabla ya kuisafisha, ili hisia za siku ile zisimdanganye.

Lakini habari za Winogrand zinaendelea. Alipofariki mwaka 1984 aliacha mikanda ipatayo 2,500 aliyokwisha kuipiga bila kuisafisha, na mingine maelfu aliyokuwa hajaichambua. Mkanda wa kawaida una fremu 36, kwa hiyo hiyo ya kwanza peke yake ni kama fremu 90,000. Watu wengine ndio waliolazimika kuamua picha zipi ni zake. Ukiona faili zako za miezi mingi hazijafunguliwa, punguza kupiga hadi uzifikie.

Kwa kazi ya mteja, idadi utakayokabidhi iandikwe kwenye makubaliano kabla ya kazi, pamoja na kwamba picha ambazo hukuzichagua hazitolewi. Mteja anayepewa picha mia tisa za sherehe huchoka kabla hajafika katikati, na zile thelathini ulizozitolea jasho zinazama humo.

Kutochagua, hata hivyo, si kufuta. Nafuta zilizopigwa kwa bahati mbaya, zenye ukungu usio na maana, na nakala zinazofanana kabisa. Za watu nazitunza. Picha ya mzee aliyetikisika kidogo, uliyoiacha leo kwa sababu unayo bora, inaweza siku moja kuwa ndiyo pekee iliyomnasa akicheka. Na kama unapiga picha za habari, tunza mfululizo wote, kwa sababu fremu za kabla na za baada ndizo zitakazokutetea mtu akidai uliipanga picha.

Sasa zile zilizokataliwa, zipe nusu saa. Chagua hamsini na uandike sababu moja mbele ya kila moja: mtikisiko, fokasi, nilichelewa, mandhari ya nyuma imejaa vitu, mwanga mbaya, hakuna kinachotokea. Kisha hesabu. Kama nyingi zimekufa kwa mtikisiko, ongeza kasi ya shata, yaani kilango kinachopitisha mwanga kwenye kamera. Kama ni mandhari ya nyuma, lenzi mpya haitakuokoa, utaokolewa na hatua mbili kushoto. Sijaona mafunzo yanayomlenga mtu kwa uhakika kama orodha hiyo aliyoiandika mwenyewe.

Fanya na zoezi hili: siku moja jipe fremu 36 tu, kioo cha kamera kikiwa kimezimwa. Siku nyingine, mahali palepale, piga bila kikomo. Linganisha bora tano za kila siku, na usishangae zikikaribiana.

Usishangae pia uwiano wako ukizidi kuwa mbaya kadiri unavyoendelea. Mkono unakuwa hodari, lakini jicho nalo linakuwa kali, na mara nyingi jicho hutangulia. Picha uliyoisifu mwaka jana utaipita bila kusimama. Ndiyo maana kila mwaka narudi kwenye picha za zamani ambazo sikuzichagua. Mara nyingine nakuta moja ambayo wakati ule sikuwa na jicho la kuiona, naitia alama, naiingiza kwenye kazi zangu.