Barazani kwa Mama Mkubwa: Krismasi ya Mwezi wa Kumi

SWALI: Shikamoo Mama Mkubwa. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Igoma, hapa Mwanza. Jumamosi ya tarehe 10 Oktoba nilishuka mjini kununua madaftari, hata siku ya Mwalimu Nyerere haijafika, nikakuta duka moja pale Makoroboi limeshapambwa Krismasi. Mti wa plastiki mlangoni, vimulimuli vinawaka mchana kweupe. Binti yangu wa miaka sita akang'ang'ania gauni jekundu lenye manyoya meupe shingoni. Bei 35,000, sikuwa nayo. Muuzaji akaniambia, "Weka advansi dada, ukisubiri Desemba utalikuta elfu 50." Nikatoa 10,000, akaandika jina langu kwenye daftari lake. Mwanzoni mwa Novemba nimerudi na 15,000 nyingine, gauni limeshauzwa. Anasema nichague jingine la 45,000 au nisubiri mzigo mpya. Hela harudishi. Na mtoto kila asubuhi ananiuliza zimebaki siku ngapi. Hivi Jiji haliwezi kuwapiga marufuku hawa watu wasianze Krismasi kabla ya Desemba?
Mama wa Watatu, Igoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla sijakujibu acha niungame. Nimeuza nguo za watoto mjini hapa miaka 19, fremu yangu ilikuwa hatua chache tu kutoka hapo Makoroboi, na kwenye mstari wetu aliyekuwa anatangulia kutundika utepe wa kung'aa ni mimi. Mwezi wa kumi, wiki ya pili. Jirani yangu wa vyombo, Mwislamu mcheshi, alikuwa akinikuta juu ya stuli na pini mdomoni anasema, "Mama, Mariamu hata uchungu hajauanza, wewe ushatandika!" Tunacheka, halafu namaliza kutundika.

Kwa hiyo usinitegemee niwatukane wenzangu wote. Wewe unaliona gauni likiwa mlangoni, huioni safari yake. Mapambo mengi ya Krismasi yanayouzwa duniani yanatoka mji mmoja wa China unaoitwa Yiwu. Yanapanda meli, yanakaa baharini, yanashuka Dar, yanaingia Kariakoo, ndipo sisi wa mikoani tunayafuata na kuyabeba zaidi ya kilomita 1,100 mpaka huku ziwani. Mwenye duka la jumla anaagiza katikati ya mwaka. Wa Mwanza anafunga mzigo mwishoni mwa mwezi wa tisa au mapema wa kumi, maana ukichelewa bei ya jumla inapanda na saizi zinazobaki ni za vioja: ya kichanga cha miezi mitatu, au ya jitu la miaka 14. Mzigo ukishafika, haulali stoo. Hela yake ni ya mkopo na marejesho ni kila wiki. Mkopeshaji hakuulizi kama Majilio, yale majuma ya kujiandaa na Krismasi, yameanza.

Mwaka 2011 nilijitia mjanja. Nikasema mwaka huu nanunua Desemba, nione watu wanataka nini kwanza. Nikaenda Kariakoo tarehe 17. Magauni nikayapata kwa kugombania, lakini buti za mabasi zilikuwa zimejaa mabegi ya watu wanaorudi nyumbani, salfeti zangu mbili zikaachwa zifuate na basi jingine. Zikaja kufika stendi ya Nyegezi tarehe 24, saa tano usiku, mvua inapiga. Nilifungulia salfeti ya kwanza pale pale chini ya bati la muuza chipsi. Maji yalikuwa yameingia, rangi nyekundu imechuja yote kwenye manyoya, yamekuwa ya pinki kama ulimi wa paka. Nikakamua moja kwa mkono, maji yakatoka kama sharubati ya rozela. Yule wa chipsi akaniletea ndoo bila kusema neno.

Magauni 43 yalinibakia. Januari nani ananunua gauni la manyoya? Januari watu wanatafuta sketi za shule na viatu vyeusi. Niliyapeleka soko la Mlango Mmoja nikayauza 4,000 kila moja, mimi niliyanunua 11,000. Mwaka uliofuata, wiki ya pili ya Oktoba, nilikuwa juu ya stuli.

Na msidhani ni ushamba wa Makoroboi. Marekani wenye maduka walizoea kusubiri sikukuu yao ya shukrani, Thanksgiving, ipite ndipo Krismasi ianze. Mwaka 1939 sikukuu hiyo ilikuwa iangukie tarehe 30 Novemba, wafanyabiashara wakalia kwamba siku za kuuza zitakuwa chache, Rais Franklin Roosevelt akairudisha nyuma wiki nzima mpaka tarehe 23. Majimbo mengine yakakataa, nchi moja ikala sikukuu mara mbili. Mpaka Bunge lao likaingilia mwaka 1941, likaiweka Alhamisi ya nne ya Novemba. Sasa kama Ikulu ya Marekani ilisogezwa na wenye maduka, wewe unataka Jiji la Mwanza liwashinde? Jiji likianza kukagua nani katundika nini, atakayeanza kukimbizwa ni kijana mwenye meza ya vimulimuli, siyo mwenye duka la vioo.

Kinachonikera mimi ni Novemba. Novemba kwetu Wakatoliki ni mwezi wa kuwaombea marehemu. Tarehe 2 mwaka huu nilikwenda kununua shada la kaburi la marehemu mume wangu. Meza ile ile, mkono wa kushoto mashada ya maua ya plastiki ya zambarau, mkono wa kulia visanamu vya yule mzee wa ndevu nyeupe, vinachezesha viuno. Kijana akafunga shada langu kwa utepe wa kung'aa wa dhahabu kwa sababu kamba ilimwishia. Nilimwangalia, nikamwangalia, nikalipa. Mume wangu alipenda sana sikukuu, naamini hakununa.

Tuje kwenye elfu 10 yako, maana hapo ndipo ulipodhulumiwa, na kosa lake halihusiani na Oktoba. Mtu akipokea advansi na kuandika jina lako, gauni lile limeshakuwa na mwenyewe. Kumuuzia mwingine halafu kukusukumia la 45,000 ni ujanja ninaoufahamu, nao una mantiki yake: anajua mama mwenye mtoto anayelia hatatoka mikono mitupu. Rudi pale siku ya kazi asubuhi, usiende Jumamosi. Asubuhi mfanyabiashara hapendi kelele kabla hajapata mteja wa kwanza. Nenda na mtu mzima mmoja. Mwombe afungue daftari, jina lako lipo. Mpe njia mbili tu: gauni la aina ile kwa 35,000 mlizokubaliana, au elfu 10 mkononi. Akikataa, kapige hodi kwa uongozi wa soko au serikali ya mtaa wa pale dukani, na umwambie unakwenda. Mara nyingi hutafika hata barabarani, atakuita.

Siku nyingine ukidunduliza, usiridhike na jina kwenye daftari lake. Chukua karatasi yako: nguo gani, rangi, saizi, bei ya mwisho, umelipa ngapi, mwisho wa kumalizia lini, na sahihi yake. Piga picha gauni lenyewe kwa simu. Na uchukue saizi moja juu, mtoto wa miaka sita hakusubiri. Ingawa, tukisema ukweli, manyoya shingoni kwa joto la kwetu! Nimeyauza miaka 19 na sikuwahi kumwona mtoto aliyemaliza misa bila kujikuna.

Kuhusu kuhesabu siku, mwambie Majilio yanaanza Jumapili ya tarehe 29 Novemba. Kabla ya hapo hakuna hesabu. Tarehe 1 Desemba mpe kikombe chenye punje 25 za maharage, kila asubuhi atoe moja. Wangu walifanya hivyo, ingawa mdogo aliwahi kuzitoa tano kwa mkupuo na kudai sikukuu iletwe. Akikuuliza kwa nini dukani wameanza, mwonyeshe ule mti unaowaka mwekundu barabarani, ambao sisi tunauita mkrismasi. Nao hauna kalenda, ukiona mvua za kwanza unachanua.

SWALI: Mama Mkubwa, mimi nauza dukani mjini, nimeajiriwa. Bosi ameweka zile taa zinazoimba tangu Oktoba katikati. Nyimbo zile zile zinajirudia kwa sauti ya mbu, kuanzia saa mbili asubuhi. Naziota usingizini. Na mwezi wa 12 tunafunga saa nne usiku bila nyongeza yoyote, eti ni msimu. Nifanyeje?
Binti wa Kaunta

JIBU: Zile taa nazijua. Fuata waya mpaka kwenye kiboksi kidogo cha plastiki karibu na plagi. Kina kitufe. Ukikibonyeza mara kadhaa zinabadilisha namna ya kuwaka, na nyingi zina kituo kimoja cha kunyamaza, taa zinaendelea kama kawaida. Kama chako hakina, basi spika yake ni kitundu kidogo kama cha kitufe cha shati. Plasta ya kidonda ikibandikwa hapo inasaidia sana. Mimi sijasema kitu.

La saa za kazi ni zito kuliko taa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zikizidi, ni kwa makubaliano, zile za ziada hazivuki 50 ndani ya wiki nne, na kila saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Ukifanya kazi tarehe 25 au 26 Desemba, hizo ni sikukuu za taifa, malipo ni mara mbili. Anza leo kuandika kwenye daftari lako saa ya kuingia na ya kutoka, kila siku, hata siku uliyochelewa. Ongeeni naye mkiwa wawili au watatu, na muongee sasa hivi Novemba wakati anawahitaji. Januari atawaambia biashara mbaya.

Na utashangaa: kuna enzi ambapo waliohimiza watu wanunue mapema walikuwa watetezi wenu. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 kule Marekani, Florence Kelley, katibu mkuu wa umoja wa walaji, alikuwa akiwasihi wanunuzi wasisubiri siku za mwisho, kwa sababu wasichana wa madukani na watoto wa kupeleka mizigo walikuwa wanafanyishwa kazi usiku kucha. Kwa hiyo yule mteja wa Oktoba usimnunie sana. Anayekuja tarehe 24 saa tatu usiku akitaka kuona rangi zote, huyo ndiye.

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mvuvi wa dagaa huku Ukerewe. Mke wangu amekwenda mjini akarudi na habari kwamba vitu vya sikukuu sasa ni rahisi, Desemba vitapanda. Sina hela mpaka tufunge hesabu mwezi ujao. Kuna jamaa anakopesha, lakini riba yake ni ile ya kausha damu. Nikope ninunue sasa?
Mvuvi wa Ukerewe

JIBU: Marahaba baba. Usikope.

Wewe kalenda yako ni mwezi wa angani, tuisome pamoja. Mwaka huu wa 2026 giza la katikati, usiku usio na mwezi kabisa, linaangukia tarehe 9 Desemba, na mwezi unakuwa duara tarehe 24, mkesha wenyewe wa Krismasi. Maana yake mtavua vizuri gizani wiki mbili za kwanza za Desemba, mbalamwezi itaingia, mtapandisha mitumbwi na kufunga hesabu siku chache kabla ya sikukuu. Una bahati. Mwaka 2023 mwezi ulikuwa duara tarehe 27 Desemba, kwa hiyo hesabu zilikaribiana na sikukuu kwelikweli. Wauza nguo tulikuwa tunauangalia mwezi kama ninyi: giza likiwa limelipa, wateja wa visiwani wanashuka melini wakiwa na noti zilizokunjwa zenye harufu ya dagaa, na hawabishani sana bei.

Gauni likipanda kutoka 35,000 hadi 45,000 umepoteza elfu 10. Ukikopa kwa kausha damu, elfu 10 ni riba ya siku ngapi? Wewe unajua kuliko mimi. Mchele ndio ungekuwa na maana ya kuwahi, lakini huo ulitakiwa uununuliwe Juni na Julai wakati wa mavuno. Mwakani mkumbushe mama mapema. Sasa hivi wekeni kando hela ya ada na daftari kwanza mkifunga hesabu, halafu mvuke na meli ya Nansio katikati ya wiki, siyo tarehe 23, mnunue za watoto peke yake. Ninyi wawili nguo za mwaka jana zinatosha, najua mke wako hatapenda kusikia hilo kutoka kwangu.

Na kama kwenye nyavu za jirani atapatikana sato wa kilo mbili, nyumbani kwangu Kirumba unapafahamu.