Baraza la Mwalimu: "Mke kasema nichague"

Barua za mwezi huu karibu zote zinagombana na saa. Mimi ni mwalimu wa karate, lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza namna ya kurusha teke. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu kosa lake nilishalifanya mimi, na nikalala nje kwa ajili yake.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 33, nakaa Makorora hapa Tanga, nauza vifaa vya ujenzi dukani Ngamiani. Niko mkanda wa kahawia na mwalimu wangu kaniambia nijiandae na mtihani wa mkanda mweusi. Mazoezi ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa jioni. Jumamosi natoka na mjomba wangu kuvua samaki kwa mshipi, ana ngalawa yake kule Sahare. Hiyo ndiyo starehe yangu, sinywi wala sivuti. Tuna mtoto wa kwanza, ana miezi saba. Juzi mke wangu kaniambia nichague: karate, bahari au yeye. Kafika hata kusema huko jioni kuna mtu. Mimi sitaki kuacha chochote. Nifanyeje?
*Kahawia, Makorora*

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole na hongera, maana mtoto wa miezi saba anastahili zote mbili.

Hilo la "kuna mtu" lisikukoseshe usingizi. Gichin Funakoshi, yule mzee wa Okinawa aliyezaliwa 1868 na baadaye akaipeleka karate Japani bara, alikuwa mwalimu wa shule. Mchana anafundisha watoto, usiku anashika taa anakwenda kufanya mazoezi nyumbani kwa mwalimu wake, maana siku hizo karate ilifanywa kwa siri. Kurudi ni alfajiri. Majirani wakamjadili, wakakata shauri kwamba bwana huyu anakwenda kwa malaya. Kama yule alisingiziwa, wewe wa Makorora ni nani?

Sasa nijibu hili. Ukienda mazoezini, nyumbani unaingia saa ngapi? Sikuulizi mazoezi yanaisha saa ngapi.

Nakuuliza kwa sababu mwaka ambao mwanetu wa pili alikuwa anatambaa, nilikuwa naapa kabisa kwamba karate inanichukua saa moja na nusu, mara tatu kwa wiki, basi. Mama watoto hakubishana nami. Alichana ubavu wa boksi la sabuni, akaupigilia msumari nyuma ya mlango wa jiko, akawa anaandika kwa mkaa: katoka, karudi. Mimi napita hapo kila siku kwenda kuchota maji, sioni kitu. Wiki ya tatu tukafanya mtihani wa mikanda, tukaenda kupongezana, nikarudi saa tano usiku nikakuta komeo limepigwa. Nikalala barazani, gi, lile vazi la karate, nimelikunja nimelifanya mto, mbu wakala karamu. Asubuhi hakusema neno. Akaniletea chai na lile boksi. Nilikuwa nimekwenda mara tisa. Mazoezi yenyewe, kwa hesabu yangu mimi ninayejitetea, saa 13 na nusu. Kwa mkaa wake, saa 38.

Zile nyingine zilikwenda wapi? Nilijua bila kuambiwa. Zilikwenda kwenye benchi la muuza kahawa, pale vikombe vinapogongana, kashata moja inazaa ya pili, na Sanchin, moja ya kata za karate (hatua na mapigo ya kufuata kwa mpangilio), inachambuliwa na wanaume watano ambao siku hiyo hakuna aliyeipiga sawasawa.

Sikupunguza hata siku moja ya mazoezi. Nilimtajia mke wangu saa ya kurudi, saa moja na nusu usiku, nikaishika. Ikifika saa moja na robo naaga, hata stori iwe tamu vipi, na wenzangu walinicheka karibu mwezi mzima. Kahawa nikaihamishia kwangu barazani, Ijumaa tu. Dele la kahawa nachemsha mimi, vikombe naosha mimi. Hilo la vikombe usilichukulie kirahisi. Wageni wako wakigeuka kazi ya mkeo, ataona bora ungebaki huko huko kijiweni.

Kuhusu mtihani, umenitajia kahawia lakini hukunitajia mtindo. Mimi ni wa Goju, ule wa Chojun Miyagi (1888–1953), kwa hiyo nasema ninachokijua. Sanchin haitaki uwanja. Ni hatua chache mbele, hatua chache nyuma, na dakika chache za kupumua vizuri, inaenea kati ya kochi na kabati. Ipige kila alfajiri kabla ya kwenda dukani, mtu hata hajaamka. Wazee wa Okinawa walijenga mkono kwa kushika mitungi ya udongo kwa ncha za vidole, kwenye mdomo wa mtungi, na kutembea nayo taratibu. Wewe muuza vifaa vya ujenzi hukosi makopo mawili ya rangi ya lita nne yaliyokwisha. Tia mchanga kidogo kidogo, yashike kwa juu, zunguka nayo uani. Usiyajaze siku ya kwanza, kesho yake hutafunga hata kifungo cha shati.

Na mtoto mbebe. Shuka naye kwenye mkao wa shiko-dachi, magoti nje, mgongo wima, hesabu hadi 30, panda. Wangu alikuwa anacheka kila nikifika chini, nikikawia kuinuka analia, hivyo hesabu haikuwa yangu tena. Wakati huo mama yake anaoga kwa nafasi, bila mtu kugonga mlango. Kama hujawahi kukaa na mtoto mchanga kutwa nzima, hujui kuoga kwa nafasi kuna thamani gani.

Tuje baharini, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Mjomba wako anajua, muulize: mshipi unataka maji mafu, siku ambazo maji hayajai wala hayapwi sana. Bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji mafu huja mwezi ukiwa nusu, na kati ya bamvua na maji mafu ni kama wiki moja. Hesabu mwenyewe. Jumamosi ikiangukia maji mafu, inayofuata itakuwa karibu na bamvua. Kwenye bamvua mkondo unavuta, chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, haikai chini, mshipi unalala upande kama kamba ya kuanikia nguo. Bahari yenyewe imekupa Jumamosi mbili kwa mwezi, wewe unachukua nne. Zile mbili za bamvua kwa jina ni uvuvi, kwa kweli ni kukaa na mjomba. Na upepo wa kusi ukikaza katikati ya mwaka, hata hizo mbili zinaweza kubaki moja.

Basi Jumamosi za bamvua ziwe za nyumbani. Huku kwetu siku hizo maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi. Tokeni saa tatu, nendeni Mwambani, maji yako mbali, mchanga umelowa na umekaza. Mtandikie mtoto kitenge, ale mchanga kidogo, hafi. Piga kata zako pale, mkeo akikucheka sawa. Saa tano mnarudi kabla jua halijawa kali zaidi. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu, wiki nne ni siku 28, kwa hiyo ratiba itateleza na itabidi muipange upya kila mwezi. Ipange na yeye. Usimpelekee karatasi iliyokwisha kuandikwa kama hati ya mahakama. Penseli ashike yeye.

Mambo mawili ya haraka. Kama mtihani uko mbali, mimi ningeiacha Jumatano kwa miezi mitatu. Walimu wenzangu watanisonya, na wasonye. Pili, ukirudi kuvua saa nane mchana na samaki wako watatu, usimkabidhi mkeo ukaenda kulala. Wapae wewe, watumbue wewe, na magamba uyaokote. Mji wetu unaitwa Waja Leo Waondoka Leo, lakini wewe umeoa hapa hapa.

SWALI: Mwalimu, salaam. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 38, mwaka wa pili sasa nafanya karate na nimefika mkanda wa kijani. Mama mkwe tunakaa naye. Anasema mwanamke kurusha miguu si adabu, tena mnainamiana kama mnasali, tena jioni ndiyo saa ya kupika. Mume wangu hana neno. Hana neno la kunizuia, wala hana neno la kunitetea.
*Mama watatu, Chumbageni*

JIBU: Dada yangu, mama mkwe ametoa hoja tatu na kila moja ina njia yake, kwa hiyo usizijibu kwa pumzi moja.

Ya kuinamiana ni hoja ya haki, na mimi nimeulizwa na wazee zaidi ya mara moja. Mzee mmoja alikuja kumwangalia mjukuu wake, akaniita pembeni: "Mwalimu, mbona watoto wanarukuu?" Nilimweleza kwamba ni salamu tu ya Kijapani, kama sisi tunavyoshika mkono wa mkubwa kwa mikono miwili. Hakuridhika, na mimi sikumlazimisha. Tangu siku hiyo asiyetaka kuinama husimama wima, mkono wa kulia kifuani, akatikisa kichwa kidogo. Mwombe mwalimu wako hivyo hivyo. Akikataa, mwalimu huyo anapenda Japani kuliko wanafunzi wake.

Ya adabu, mara nyingi kinachomsumbua mtu mzima ni nguo na nani anatazama. Suruali ya gi ni pana, shati ndefu ndani, na hijabu si tatizo, hata Shirikisho la Dunia la Karate linaruhusu hijabu ya aina iliyoidhinishwa kwenye mashindano. Mchukue mama mkwe siku moja akaone. Kuna mwanafunzi wangu alimleta wake. Akaja na ukili wake, akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, anasuka bila kuinua macho. Mazoezi yalipoisha aliuliza swali moja tu, kwa nini yule binti wa mwisho anaburuta mguu wa kushoto. Alikuwa ameona kila kitu.

Ya kupika ndiyo ngumu, na hapo sihangaiki na mama mkwe, nahangaika na huyo asiye na neno. Siku zako za mazoezi ziwe siku zake za jikoni. Kama hajui, aanze na ndizi, ndizi hazina siri. Akishindwa, chapati na maharage zinauzwa kila kona ya Chumbageni, pesa atoe yeye. Na kama jioni imeshindikana kabisa, tafuta kina mama wawili wengine, fanyeni saa kumi na mbili asubuhi baada ya swala. Mimi ningeshika ile ya mume kupika kabla ya kuikimbilia hii. Ukihamia alfajiri, hakuna kitakachobadilika pale nyumbani ila usingizi wako.

SWALI: Naendesha baiskeli kutoka Muheza hadi Tanga na kurudi kila Jumapili na wenzangu. Tangu nianze, mateke yangu yamekuwa mazito na goti linauma kwa mbele. Niache baiskeli?
*Kijana wa Muheza*

JIBU: Usiache. Pandisha kiti. Nimewaona vijana wengi wa huko mmekaa chini, magoti yanakaribia kidevu. Weka kanyagio likiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo tu. Goti kuuma kwa mbele mara nyingi ni kiti kuwa chini. Teke kuwa zito ni nyonga: umekaa umejikunja saa nyingi, misuli ya mbele ya nyonga imefupika. Ukishuka, piga goti moja chini, sukuma kiuno mbele, kaa hapo pumzi 10 kila upande. Maumivu yakizidi wiki mbili, au goti likivimba, nenda hospitali.

SWALI: Mwanangu ana miaka sita, nimlete karate? Baba yake anataka, mimi naona bado mdogo.
*Mama wa Sahare*

JIBU: Mlete mwezi mmoja, uone. Umri huo tunacheza zaidi kuliko tunavyopigana: kuanguka bila kuumia, kusimama kwa mguu mmoja, kusikia "acha" na kuacha. Asipopenda msimlazimishe, hata kama baba yake ameshanunua gi. Mpelekeni Mapango ya Amboni, ni kama kilomita nane tu kutoka mjini, akaangalie popo. Huenda ndicho atakachopenda.

Wangu wa pili, yule wa shiko-dachi, nilimvalisha mkanda mweupe akiwa na miaka mitano na akauvua mwenyewe kabla ya kufika sita. Kapenda mshipi. Sasa ni mtu mzima, ana ngalawa kwa ubia na mwenzake, na maji mafu hayamkuti nyumbani. Juzi kaingia saa nne usiku bila taarifa. Nilimwona mama yake kainama jikoni, anachagua kipande cha mkaa.