Spika kubwa hazitaokoa mahubiri yenu

Juzi mjumbe wa kamati ya ujenzi kaniandikia: "Kaka, waumini wa nyuma hawaelewi mahubiri. Tumekubaliana tununue spika kubwa. Za wati ngapi?" Swali hilo limenitonesha kidonda.

Niliwahi kuhudumu kama fundi mitambo kwenye nyumba ya ibada yenye kuta za saruji, sakafu ya vigae na vioo kila upande. Nikasema kikaoni kwamba spika zinatosha, kinachosumbua ni jengo. Mzee mmoja akanikata: "Kijana, wewe kazi yako kuwasha mashine." Akaletwa mtaalamu, zikafungwa spika zenye kimo cha mtu. Siku ya uzinduzi mhubiri anasema "samehe", sisi wa nyuma tunapata "aaeee", kwa kelele kuliko zamani. Waliponiita tena sikuwaambia "si nilisema?" Nilisema kimoyomoyo, mara kadhaa.

Sauti ikigonga ukuta mgumu hurudi na kuifunika silabi inayofuata. Konsonanti ndizo hufa kwanza. Ukiongeza sauti, na mvumo, yaani hiyo sauti inayorudirudi, unapanda nayo, kwa hiyo hujapata kitu. Wallace Sabine, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alikabidhiwa ukumbi wa mihadhara wa namna hiyo mwaka 1895. Hakushika kipaza sauti. Alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akapima usiku kukiwa kimya, akaona kadiri vitu laini vinavyoongezeka ndivyo mvumo unavyofupika.

Basi pigeni kofi moja kubwa ukumbini. Mkisikia mvumo ukining'inia sekunde mbili au zaidi, maneno yatapotea, ingawa kwaya itafurahi. Anzeni na ukuta wa nyuma unaotazamana na mhubiri: paneli za pamba nzito ya kuzuia joto, unene wa sentimita 5 hadi 10, zivikwe kitambaa kinachopitisha hewa na ziachiwe nafasi kidogo nyuma yake. Zile trei za mayai za kubandika ukutani sahauni, tafadhali. Zulia husaidia, ila kwa sauti nyembamba tu. Ile ngurumo ya chini inabaki palepale.

Spika ndogo zilizo karibu na watu huzishinda kubwa za mbele. Sauti ya zile za katikati ya ukumbi icheleweshwe kwenye mikseri kama milisekunde 3 kwa kila mita kutoka zile za mbele, la sivyo neno moja litasikika mara mbili.

Na ninyi wanakamati, jamani, fundi akiongea msikilizeni kabla hela haijatoka. Cheo hakinyonyi mwangwi. Mnaomba hekima kila wiki, kisha ikija imevaa ovaroli mnaiambia ikae chini.

Paneli zikishafungwa, mtu asome mimbarini maneno yasiyohusiana, "paka, taka, saka, chaka", mwingine ayaandike akiwa kiti cha mwisho. Fanyeni hivyo kabla ya kufunga pia, mlinganishe karatasi mbili. Na ukumbi uwe na watu, maana miili nayo hunyonya sauti.